Siku Mto Lhubiriha Ulipokauka

Vijana wangu, mto ukijaa hamna haja ya kuonywa na mzee, macho mnayo. Mimi nataka kuwaonya juu ya mto unaopungua wakati mlimani kunanyesha. Huo ndio uliotaka kutumaliza pale Mpondwe, mchana, jua likiwaka na watu wakicheka. Nimeona mengi. Nimeona vita vikipita katika barabara yetu na kurudi. Lakini nikifumba macho, ninachokiona ni mto ule ukiwa mtupu, na mpaka leo nywele zinanisimama.

Nilikuwa mtu wa barabara. Kipande chetu kilianzia Kikorongo, kikapita Kisinga na Bwera, kikateremka mpaka daraja la mto Lhubiriha, Mpondwe, pale barabara yetu inapokabidhiwa Wakongo. Ninyi mmezoea kuona greda linapita mara moja, vumbi linatulia, kazi imekwisha. Enzi zetu greda lilikuwa ni sisi wenyewe, na sururu, koleo, karai, na tumbo lisilojaa.

Jina langu ni Baluku, nalo halitawasaidia kunitafuta. Kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mimi ni mtoto wa kiume wa tatu. Simama sokoni Bwera uite "Baluku!" uone watakavyogeuka: wachoma nyama, wauza kahawa, na mwizi mmoja au wawili. Ng'ambo ya mto, kwa ndugu zetu wa Kongo, desturi ni hiyo hiyo. Mtoto wa kwanza wa kike ni Masika huku na ni Masika kule. Lishikeni jina hilo, nitalirudia.

Watu hudhani kazi ya barabara ni udongo na mawe. Kazi ya barabara ni maji. Barabara haili gari wala gari haliili barabara. Inayoila ni mvua, na inaanza kuila pembeni, kwenye mtaro ambao mvivu mmoja hakuuzibua. Aliyenitia hilo kichwani ni mnyapara wetu, Mzee Bwambale, mtu wa Mahango, mfupi, miguu imepinda kwa kupanda na kushuka milima tangu utotoni. Alikuwa mkali kuliko pilipili ya Bwera. Jua linapokausha mpaka mijusi inatafuta kivuli, ndipo alipotutuma kuzibua kalvati. Tukinung'unika kwamba mvua yenyewe iko wapi, anatujibu, "Mwenye kuchimba choo wakati tumbo inauma amechelewa."

Mzee huyo hakuwa na tabia ya kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake. Alitazama milima. Asubuhi, kabla hajanawa uso, anasimama nje ya kibanda chake kuangalia kule juu kwenye theluji, ile tunayoiita nzururu, kama imefunikwa au iko wazi.

"Mvua ya juu ya kichwa yako inalowesha shati tu," alituambia. "Ile iko juu ya kichwa ya mwenzako kule mulima, hiyo ndiyo itakuua."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu, mpaka siku ya yule dereva wa Butembo. Alikuja na lori lake jipya, kamiyo aliyoipenda kuliko mkewe, akaiteremsha kwenye kijito kilichokuwa na maji ya kufikia vifundo vya miguu ili aioshe. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Mzee Bwambale akamwambia aitoe, akimwonyesha weusi uliokuwa juu ya mlima. Dereva akacheka. "Papaa, ile mvua iko mbali, iko ya batu ya kule!" Kweli, ilikuwa ya watu wa kule. Lakini maji hayaulizi ni ya nani. Hatukuwa tumemaliza kutengeneza ukingo wa barabara tulipomwona dereva anapanda mteremko mbio, sabuni mkononi, suruali imebaki mtoni. Kamiyo tuliikuta chini, imelala ubavu kwenye shamba la pamba, safi kabisa upande mmoja.

Tulicheka siku ile, na mimi nilicheka kuwapita wote. Lakini usiku wake nilifikiri: jua lilikuwa linawaka. Hakuna tone lililotuangukia. Niliitazama milima kwa namna nyingine tangu hapo, nikaanza nami kuiangalia kabla sijanawa uso.

Radi nayo alitufundisha. Ikianza kunguruma, vyuma vyote vinawekwa mbali, sururu, koleo, panga, vyote. Hakuna kukimbilia mti, hata kama mvua inakuchapa kama mtoto mtundu. Kila mtu anachuchumaa peke yake, miguu pamoja, kichwa chini, na kati yako na mwenzako pawe na nafasi. "Mukikaa kundi, radi ikipiga moja inachukua yote," alisema. Palikuwa na mwenzetu mmoja aliyependa mazungumzo kupita kiasi, akawa anajisogeza kidogo kidogo kwa kuchuchumaa ili amalizie hadithi yake, na Mzee anamrushia madonge ya udongo kumrudisha. Basi siku moja radi ikaupasua mti tuliokuwa tumetundikia chakula chetu. Mti uligawanyika toka juu mpaka chini, na gome likaruka mbali. Chakula tulikila hivyo hivyo, na moshi wake. Yule msemaji akaenda kula peke yake, mbali na sisi sote.

Kuna jambo jingine alilonifundisha, nalo ndilo bora kuliko yote. Alikuwa na mtaimbo, ile fimbo nzito ya chuma ya kung'olea mawe. Ukitaka kujua mto umekasirika kiasi gani, alisema, usitazame maji, maji ni mwongo. Chomeka mtaimbo ukingoni, uingie chini sana, halafu weka sikio kwenye chuma. Utasikia mawe. Mawe yakitembea huko chini, hata kama juu maji yanaonekana ya kawaida, hakuna kuvuka. Mawe yakilala, vuka haraka.

Miaka ya baadaye, wakati wa utawala wa jeshi, niliona mtaimbo huo ukimtuliza mtu mwenye bunduki. Afande mmoja alifika na Landrova, mto umejaa, sisi tumeweka gogo kuzuia njia.

"Wewe! Fungua!"

"Afande, maji iko mingi," Mzee Bwambale akasema.

"Maji ni nani? Fungua!"

Mzee hakubishana. Alimpa afande mtaimbo kwa heshima, kwa mikono miwili, akamwomba asikilize kwanza. Yule bwana akaweka sikio kwenye chuma kwa dharau. Tukaona uso unabadilika. Akasikiliza, akasikiliza, halafu akauachia mtaimbo polepole, akaenda kukaa juu ya gogo letu, akauliza kama kuna chai. Alikaa pale mpaka maji yakapungua, na hakumpigia mtu kelele tena.

Chai aliyokunywa ilipikwa na Mama Masika, na sasa nimefika ninapokwenda.

Mama Masika alitoka upande wa Beni, wakati Kongo ilipowaka moto na watu wakavuka kuja kwetu na magodoro vichwani. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni hata anapopasua kuni. Alijenga kibanda chake kwenye mwinuko juu ya mto, karibu na kambi yetu, akawa anatupikia bundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, Masika, msichana wa kuolewa, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo. Wengine waliachwa njiani, na hakuwahi kueleza zaidi ya hapo. Kutwa nzima ungemsikia anafoka, "Masika! Sombe inaungua! Uko wapi?" na Masika anajibu, "Niko hapa, mama!" hata kama hayuko hapa. Sisi wafanyakazi tulijua saa ya kula kwa makelele hayo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, katika mvua za mwisho wa mwaka. Milima ilikuwa imefunikwa tangu juzi yake, nyeusi tii, na huku chini kwetu jua linawaka. Mto ulikuwa umejaa asubuhi, mwekundu, kama ulivyotakiwa kuwa. Mimi na wenzangu tulikuwa tunaweka mawe kwenye ukingo wa daraja. Nikainuka kunyoosha mgongo, nikaona jiwe ambalo sijawahi kuliona.

Nikatazama vizuri. Mawe mengine yakatokea. Maji yalikuwa yanashuka huku ninayaangalia, bila kelele, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga. Kabla hatujaelewa, Lhubiriha ulibaki vidimbwi na tope, na samaki wanapigapiga mikia juani.

Ninyi hamwezi kujua furaha iliyolipuka pale. Siku zote kuvuka mpaka ni kupitia darajani, na darajani wako watu wa forodha, au dwane kama wasemavyo Wakongo, wa kwao na wa kwetu. Na huu hapa mpaka umekauka wenyewe, siku ya soko! Watu walimiminika kutoka pande zote mbili, wenye magunia ya kahawa, wenye vitenge, wenye mbuzi, wenye mabeseni ya kukusanyia samaki.

"Muto imekauka!" walipiga kelele. "Leo hakuna dwane! Mungu ametufungulia!"

Mabwana wa forodha walisimama darajani wakitazama biashara inapita chini ya miguu yao, hawajui waanzie wapi. Na mimi, nawaambia ukweli, nilicheka.

Kisha nikamwona Mzee Bwambale. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, sikio kwenye mtaimbo.

"Baluku," aliniita kwa sauti ndogo. "Njoo sikiliza."

Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Chuma kilikuwa kimya kabisa.

"Mawe imelala," nikasema, nikidhani ni habari njema.

"Mulima iko nyeusi hivi, mawe ilale?" Akanishika mkono, akanigeuza nitazame juu. "Udongo imeanguka kule juu, imeziba bonde. Mulima imemeza muto. Na itautapika wote mara moja. Nilikuwa mutoto Mahango, niliona. Kijito kilikauka hivi hivi, watu waliingia kuokota samaki. Baba yangu mukubwa aliingia."

Nilitazama watu wale mtoni, mamia, wanacheka, na katikati yao, beseni kichwani, nikamsikia Masika anacheka kuwashinda wote.

Mzee akapuliza filimbi yake ya unyapara mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tukakimbia ukingoni sote, tunapiga kelele, "Tokeni! Maji inakuja!" Na mnajua walivyotujibu? Walitushangilia. Filimbi ile ilikuwa ya serikali, na sisi tulikuwa watu wa serikali, na serikali siku ile ilikuwa na sababu zote za kutaka watu watoke mtoni.

"Muambie shefu wa dwane akuje mwenyewe!" akajibu mama mmoja mwenye gunia. "Mayi inatoka wapi na jua hii?"

Nikateremka nikamshika mtu mmoja, akanisukuma nikakaa kwenye tope. Nikamshika mwingine, akafikiri nataka samaki wake, akanipa mmoja. Ukimtoa mmoja, wanaingia watatu. Nilipanda juu nikiwa nalia kwa hasira, na samaki bado mkononi.

Mama Masika alikuwa ametoka kibandani kwa zile kelele. Mzee Bwambale alimweleza kwa maneno machache. Mama yule alitazama mlima, akatazama mto, akamwona mwanawe kule katikati, mdogo kwa umbali. Aliita mara moja, "Masika!" Sauti ilizama katika vicheko vya soko zima. Akasimama kidogo, ameshika rozari. Kisha akafungua kitambaa kichwani, akakitupa chini, akaweka mikono juu ya kichwa, akapiga kilio.

Lazima niwaeleze kilio ni nini kwetu. Kilio cha msiba hakifanani na kelele nyingine. Mwanamke akikipiga, anayelima anaacha jembe pale pale, anayekunywa anaacha kibuyu. Kuendelea na kazi yako wakati kilio kimepigwa ni kujitenga na watu, na wazee watakuja kukuuliza wewe utazikwa na nani. Na kukipiga bila maiti ni kuita kifo kwa jina. Hata watoto katika michezo yao hawathubutu.

"Masika yangu!" alilia. "Masika yangu amekufa, ee! Masika yangu! Batu ya Mungu, mukuje, Masika amekufa!"

Mto mzima ukanyamaza. Niliona vichwa vyote vinainuka pamoja. Maana nani kati yao hakuwa na Masika? Huyu ni binti yake, huyu ni dada yake, huyu ni mama yake mzazi, na amemwacha nyumbani asubuhi akiwa na homa. Wale wa Kongo nao wana wao. Na mwanamke mwenyewe analia juu ya kilima, jua machoni mwao, hawamtambui. Wakatupa magunia. Walipanda ukingo ule kwa miguu na mikono, wanawake wameshaanza kulia kabla ya kufika, kila mmoja akimlilia Masika wake. Hata mabwana wa forodha waliacha daraja wakaja kwenye msiba, kofia mikononi.

Lakini mtu mmoja hakuja. Masika mwenyewe.

Yeye aliijua sauti ya mama yake. Alisimama katikati ya mto mtupu, beseni kichwani, anasikia mama yake anamlilia yeye, na miguu ikakataa. Alituambia baadaye kwamba alijitazama mikono, akawaza labda ni kweli amekufa na hakuna aliyemwambia. Mimi nilitaka kushuka. Mzee Bwambale alinishika shati kwa nyuma, sikio lake liko kwenye mtaimbo, akasema neno moja tu: "Inakuja."

Mama Masika aliacha kulia. Akafuta uso kwa kiganja. Na sasa mtoni vicheko vilikuwa vimekwisha, sauti moja ingeweza kufika, akaita kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kufoka, kama hakuna lililotokea duniani:

"Masika! Sombe inaungua! Uko wapi?"

"Niko hapa, mama!" na miguu ikakimbia yenyewe.

Alikimbia na beseni lake kichwani, samaki wanaruka kutoka humo, na hakulishusha. Nyuma yake ndege wote wa bonde waliruka juu pamoja. Upepo ukatupiga usoni, wa baridi ya nzururu, unanuka udongo mbichi na majani yaliyopondwa, na ardhi ikaanza kutikisika chini ya nyayo zetu. Mzee alimdaka mkono, mimi nikamdaka mwingine, tukamvuta juu, na beseni likaanguka.

Na mlima ukatapika.

Nimejaribu miaka yote kulieleza hili na sijaridhika. Kilichotangulia hakikuwa maji. Ilikuwa miti, miti mizima, imesimama wima na majani yake, inatembea. Nyuma yake yalikuja mawe makubwa kuliko nyumba za kambi yetu, yanapinduka juu ya kitu cheusi kizito kama uji wa mtama, yakigongana mpaka niliona cheche mchana kweupe, na nikasikia harufu yake, ile ya kiberiti. Ngurumo iliingia kifuani badala ya masikio. Daraja halikuvunjika kwa kishindo kama nilivyotegemea. Lilinyanyuka taratibu, likageuka ubavu, likaenda zake. Na juu ya hayo yote jua linawaka, mbingu ya buluu, kipepeo anapita mbele ya uso wangu.

Watu mamia walisimama juu ya mwinuko ule, wakatazama mpaka lile lilipopita na maji ya kawaida ya mafuriko yakaja nyuma yake. Niliogopa, ndiyo, lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa woga tu. Nilijiona mdogo, na udogo ule ulikuwa mtamu kwa namna yake. Mzee Bwambale alivua kofia. Mama Masika alikuwa ameketi chini, amemkumbatia bintiye kwa nguvu, na midomo yake inacheza, bila sauti.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa yule mama wa gunia la kahawa. Alitazama mto, akatazama watu, akauliza kwa unyonge, "Sasa, ni nani amekufa?"

"Ni wewe," Mzee Bwambale akamjibu. "Ni sisi wote. Kaa chini, mama."

Watu wengine walitaka kushuka kuokoa mali zilizobaki kwenye kingo. Mzee akawazuia kwa mtaimbo mkononi, akasema hakuna anayeshuka, mlima ukitapika hautapiki mara moja tu. Ikawa hivyo, wimbi la pili lilikuja watu wakiwa bado wanamlaumu. Mlishike hilo. Ukishatoka, umetoka. Usirudie gunia.

Jioni wazee walikaa. Kilio kilikuwa kimepigwa, jina limetajwa, na kilio kikishatoka hakirudi mdomoni, kinamtafuta aliyetajwa. Wakaamua Masika azikwe. Wakakata shina la mgomba, wakalivika kitenge, wakachimba kaburi pale juu ya mwinuko, tukazika. Na kwa kuwa ni msiba, tulikaa matanga kamili. Watu wa pande zote mbili walileta mihogo, maharage na kuni, kwa sababu hapakuwa na mmoja pale asiyejua yule mgomba amelala mahali pa nani. Katekista wa kanisa aligeuza uso wakati wa kuzika, akasema yeye hakuona kitu, kisha akaongoza rozari ya shukrani kwa sauti ya kupasua koo. Masika alipika katika matanga yake mwenyewe, akilalamika kwamba waombolezaji wanakula sana.

Tangu siku hiyo mama yake hakulitaja jina lile tena. Alimwita Veronika, jina la ubatizo. Hata sombe iungue, ni Veronika. Sisi tuliendelea kumwita yeye Mama Masika kwa mazoea, na kila tulipomwita niliona anashtuka kidogo. Niliwahi kumwuliza kama anajuta. Akasema, "Baluku, nilimutoa mu mayi nikamuweka mu kinywa ya kifo. Sijui kama iko tofauti. Ninaomba kila siku."

Miaka ikapita, daraja likajengwa jingine, Mzee Bwambale akarudi Mahango kupumzika, akaniachia filimbi na mtaimbo. Tukaanza kuwapangia watu mambo kabla ya mvua: kila nyumba ichague kilima chake wakati wa jua, ijue nani anabeba mtoto na nani anamshika bibi, unga mkavu, chumvi na kiberiti vikae ndani ya kopo lililofungwa, mahali ambapo mkono unafika gizani. Wengine walisikiliza, wengine walinipa samaki, kama kawaida.

Kisha asubuhi moja, mvua za mwisho wa mwaka tena, nikiwa darajani, kilio kikapigwa kule juu ya mwinuko.

Mngeona watu wa Mpondwe siku hiyo! Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Waliokuwa wanaoga walitoka na povu. Waliokuwa wanafua waliacha nguo juu ya mawe. Watoto mgongoni, mbuzi begani, mzee mmoja amebeba redio yake, wote wakapanda kilima, wa Kongo na wa Uganda, bila kusukumana, mpaka juu kabisa, wakageuka kuutazama mto. Mimi nilichomeka mtaimbo, nikaweka sikio. Mawe yalikuwa yamelala, maji yanapita kwa sauti yake ya siku zote. Nikatazama milima: nzururu ilikuwa wazi, nyeupe, haina wingu.

Nikapanda kuwafuata watu, na Veronika akaja kuelekea kwetu kutoka kibandani, kitambaa chake kiko mkononi.

"Muto iko salama," akatuambia. "Ni mama."

Tukateremka wote pamoja kwenda kumzika. Nilipogeuka nyuma, kule mtoni hapakuwa na mtu hata mmoja.